Kuta Mbili za Mama Tofali

Ukimwambia Mama Tofali kwamba mji umekua, atakuuliza umekua kwenda wapi. Yeye aliuona ukija. Aliuona ukitoka kwenye nyumba za zamani zilizobanana, ambako kila uchochoro ulitokea mahali: unaingia kwa fundi viatu, unatokea sokoni, unapita nyuma ya shule, unatokea bombani. Mgeni hakuhitaji kuelekezwa, alihitaji miguu na adabu ya kusalimia tu. Halafu mji ukavuka daraja ukafika mashambani, na huko haukuja kama mji. Ulikuja vipande vipande, kila kipande na mwenyewe, na kila mwenyewe na ukuta wake. Watu wakaanza kuwa majirani wasiofikiana.

Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Hilo la Mama Tofali alilipata kiwanjani kwake, kwa kufyatua matofali ya saruji tangu akiwa bibi harusi hadi mgongo ulipoanza kumdai. Kiwanja alipewa na baba yake, aliyewagawia shamba mabinti wawili: mkubwa akapata upande wa bondeni wenye mchanga mzuri, mdogo akapata upande wa juu unaopakana na barabara kuu. Siku ya kugawa, mzee aliwaambia kila mmoja arudi nyuma hatua moja kutoka kwenye mpaka. Ndivyo watu wa pale walivyogawana ardhi. Kila mpaka uliachiwa nafasi isiyo ya mtu, na nafasi hizo zikiungana ndizo zilizokuwa njia za watu wote. Njia ya Mama Tofali ilipanda ikipita kando ya shamba la mdogo wake, ikatokea barabarani, na pale inapotokea palikuwa na zahanati.

Mume wake alikuwa fundi mwashi. Yeye anafyatua, mume anajenga, na wakitaniana walikuwa hawajui kuacha. "Unayamwagilia maji hayo matofali utadhani vitoto vichanga," mume humwambia. Naye hujibu, "Angalau haya yakikua yananisikiliza." Alikuwa mwanaume wa kifua kibovu, ana pumu, lakini mwiko alikuwa anaushika kama ameumbwa nao. Kila alipobanwa, walipanda njia ile hadi zahanati, nesi akamvutisha dawa, wakarudi wakicheka. Ilikuwa ni kutoka uani na kufika, basi.

Mdogo wake Mama Tofali aliolewa na dalali wa viwanja. Watu walimwita Dalali, na yeye mwenyewe alilipenda hilo jina. Viatu vyake viling'aa hata kwenye tope, na maneno yake yalikuwa matamu kiasi kwamba angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe nawe ukamshukuru. Mama Tofali hakumpenda wala hakumchukia. Alikuwa shemeji, na shemeji huletewa kiti.

Dalali ndiye aliyegundua kitu ambacho kimeharibu nusu ya mji huu. Aligundua kwamba mtu mwenye hela mpya hataki njia inayotokea. Anataka njia inayoingia mpaka mlangoni kwake na kuishia hapo. Basi akalikata shamba la mke wake kama meno ya kitana: vijia sambamba, kila kimoja kimezibwa mwisho, vyote vimefungwa kwenye barabara moja ya ndani, na barabara hiyo ina geti moja linalotazama barabara kuu. "Hapa hapiti mtu asiyewahusu," aliwaambia wateja, na wateja wakavua miwani kutazama vizuri. Viwanja vilikwisha kabla nyasi hazijafyekwa.

Akaja kuagiza matofali kwa Mama Tofali. Alikuja na mkewe, wakakaa, wakanywa maji. "Ni ya uzio tu, shemeji," alisema. "Punguza saruji, hakuna gorofa linalokaa juu yake." Mume wa Mama Tofali hakupenda kazi ya kupunguza saruji, akaguna. Lakini mdogo mtu alikuwa amekaa pale anamtazama dada yake kwa macho yale yale ya utotoni, na Mama Tofali akafyatua, tena akapakia kwa mikono yake, tena akawafungia kamba yasivunjike njiani.

Asubuhi moja alitoka na kikapu kwenda barabarani, akafika mpakani, akakuta ukuta. Umesimama juu ya hatua zote mbili, ya kwake na ya mdogo wake, kama baba yao hajawahi kuzaliwa. Akausogelea, akaweka kiganja. Tofali la mtu linajulikana. Lake lilikuwa na kovu dogo pembeni kwa sababu kalibu lake la kufyatulia lilikuwa limepinda. Ukuta mzima ulikuwa na kovu hilo. Alikuwa amefyatua mwenyewe, amemwagilia mwenyewe, na amefunga kamba.

Alikwenda kwa Dalali kwa kuzunguka. Kuzunguka kulikuwa ni kushuka bondeni, kufuata mtaro, kupita machinjioni, kufika kwenye mzunguko wa malori, ndipo uipande barabara kuu. Alifika ameloa jasho mpaka kwenye kanga.

"Umeziba njia," alimwambia.

"Njia gani, shemeji? Kwenye ramani hapo hapana njia."

"Ramani kachora nani?"

"Wataalamu," alisema Dalali, na akatabasamu kama mtu aliyemlipa mtaalamu mwenyewe. Ofisi ya ardhi nayo ilifungua ramani hiyo hiyo, ikaikunja. Hatua za watu, walimwambia, si barabara. Mume wake akasema aachane nao, wasivunje undugu kwa ajili ya uchochoro.

Siku moja pumu ikambana mumewe mchana, akiwa anachanganya zege. Haikuwa kama siku nyingine. Midomo ilibadilika rangi. Mama Tofali na vibarua wakamlaza kwenye mkokoteni, na miguu yao, kwa mazoea, ikakimbilia njia ya zamani. Ndilo kosa waliloweza kufanya watu wa pale tu, watu ambao njia iko miguuni na si machoni. Wakafika ukutani. Ng'ambo ya ukuta zahanati ilikuwa pale pale; waliweza kusikia nesi akiita majina ya wagonjwa. Mama Tofali akaupiga ukuta kwa ngumi, akapiga kelele, mlinzi akachungulia, akasema hana ruhusa ya kuwapitisha juu ya ukuta mpaka bosi wake, Dalali, aseme. Wakampigia bosi. Bosi alikuwa anaonyesha wateja kiwanja cha kona. Alisema, na Mama Tofali aliyasikia kwenye simu kwa masikio yake, "Wazunguke tu, si mbali."

Wakazunguka. Mumewe alifia kwenye mzunguko wa malori, madereva wakipiga honi mkokoteni upishe.

Msibani mdogo wake alilia mpaka akakauka. "Dada, si mimi niliyejenga."

"Najua," alisema Mama Tofali. "Matofali ni yangu." Kisha akala kiapo, mbele ya watu, tena bila kupaza sauti. Hakuna mtu wa nyumba ya Dalali atakayepita kiwanjani kwake mpaka Dalali aubomoe ukuta ule kwa mikono yake mwenyewe, mchana, watu wakitazama. Wengine waliokuwepo walidhani ni uchungu wa siku ile, utapoa. Haukupoa. Kila asubuhi alipokuwa akimwagilia maji matofali yake aliutazama ukuta ule, na kila asubuhi alimchukia yule mtu upya, kwa nguvu za mtu aliyelala akaamka. Chuki nayo ni kazi ukiifanya kila siku. Anayeifanya anakuwa fundi.

Na mji, kama ulivyo, ukageuka upande wa pili. Ukazidi kutambaa mpaka ukavipita viwanja vya Dalali na kuviacha katikati. Barabara kuu ikawa nyembamba kwa wingi wa magari, foleni ikalala kutwa nzima mbele ya lile geti moja. Halafu wakajenga barabara mpya, pana, na ikapita wapi? Bondeni, nyuma ya kiwanja cha Mama Tofali. Zahanati ikafungwa, ikahamishiwa kwenye hospitali kubwa iliyojengwa ng'ambo ya barabara hiyo mpya. Malori ya matofali yakawa yanaingia kwake kama kwao. Mama Tofali hakumshukuru mtu. Aliona ni deni linalorudi lenyewe.

Mvua kubwa iliponyesha, kalavati la kuvushia magari mtaro wa getini kwa Dalali likasombwa. Magari ya wakazi yakabaki ndani kama kuku bandani. Wakaweka ubao wa kuvukia kwa miguu, na ng'ambo ya ubao kuna foleni. Ndipo wale waliokuwa hawataki mpita njia walipogundua kwamba wao nao ni wapita njia. Wakaunda kamati. Mwenyekiti, mstaafu wa benki mwenye kitambi cha heshima, akaja kwa Mama Tofali akiwa na maji ya mtaro mpaka magotini.

"Mama, tunaomba njia tu. Tutabomoa ule ukuta wa juu, tupitishe magari hapa kwako, tutokee barabara mpya."

"Sina shida na ninyi," alisema Mama Tofali. "Pito nitawapa, hata bure. Ila ukuta aubomoe aliyeujenga. Mwenyewe. Siyo kibarua."

Mwenyekiti alipeleka ujumbe. Dalali alijibu kwamba hashiki sururu mbele ya wateja wake kwa sababu ya mwanamke mfyatua matofali. Wakazi wakamnunia, wengine wakaacha kumwitikia salamu. Mama Tofali alizipokea habari hizo kwa raha, na siku hiyo alikula akashiba. Alikuwa na hamu ya kumwona yule mtu ameinama.

Badala yake Dalali alimtuma mkewe. Mdogo mtu alivuka ubao, akazunguka kote, akafika amevimba miguu. Mama Tofali alimwekea beseni la maji, akamkanda mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Dada, presha inanisumbua. Nikizidiwa nitapita wapi?"

"Hamia hapa. Chumba kipo, kitanda kipo. Hospitali ile pale, unaiona."

"Na baba watoto?"

"Yeye abaki na ramani yake."

"Siwezi kumwacha, dada. Hata kupika chai hajui, na siku hizi kifua kinamsumbua."

"Basi mwambie aje abomoe. Kazi ya asubuhi moja tu, wala sitaki aniombe radhi."

"Unamjua alivyo."

"Namjua," alisema Mama Tofali, na akaendelea kukanda. Alimpenda mdogo wake, jambo hilo lisitiliwe shaka. Lakini alipomsindikiza mpaka mtaroni na kumwona akipanda taratibu kurudi kwa mtu yule, alichokiona ni Dalali akiwa amekaa anasubiri jibu, na damu ikamchemka tena.

Baadaye akapata fununu kwamba kamati inapanga kuubomoa ukuta wa Dalali na kupita kwa nguvu. Hapo ndipo alipojenga wa kwake. Aliujenga upande wake, umegusana mgongo kwa mgongo na ule wa zamani, ili siku yoyote itakayokuwa, neno la mwisho liwe lake. Na huo haukuwa wa kupunguza saruji. Alichekecha mchanga yeye mwenyewe, akafyatua matofali mazito kuliko yote aliyowahi kufyatua, akayamwagilia kwa subira ya mtu anayelea, akapitisha nondo, akajaza zege matundu yote, juu akapanda vipande vya chupa. Vibarua walimuuliza kama anajenga jela. "Najenga vizuri," aliwaambia. Ulipokamilika aliupapasa, na moyo wake ukatulia. Ilikuwa kazi bora ya maisha yake.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, alikuwa na ndoo mkononi aliposikia anaitwa kutoka ng'ambo.

"Shemeji! Shemeji, upo?"

Sauti aliijua.

"Shemeji, mdogo wako ameanguka jikoni! Mkono mmoja haunyanyuki! Ninaye hapa, fungua, nakuomba!"

Mama Tofali aliweka ndoo chini. Jambo la kwanza alilofikiria, na si vizuri kumfichia, ni kwamba ni hila. Yule mtu alishauza viwanja vya makaburi kwa maneno kama hayo. Alisogea ukutani, akasema neno moja.

"Bomoa."

"Shemeji, jamani, hakuna muda..."

"Bomoa wewe. Mwenyewe."

Kisha akasikia sururu. Pigo la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua kushika mpini, la pili la mtu aliyeanza kujifunza. Tofali likapasuka, likaanguka, akasikia watu wa ndani wakinong'ona, wametoka majumbani kutazama. Mama Tofali alifumba macho. Utamu ulimpanda kutoka miguuni. Alitamani mumewe angesikia sauti ile, kikohozi cha yule mtu, pumzi zake zikikatika, tofali baada ya tofali. Aliacha aendelee. Ukuta ule dhaifu, wa saruji kiduchu, ulikuwa unamwagika kama biskuti, na yeye alikuwa amesimama pale anakunywa kila pigo.

Ndipo mlio wa sururu ulipobadilika. Chuma kiligonga kitu kigumu kikarudi. Dalali alikuwa amemaliza ukuta wake, amefika kwenye wa pili.

Katika kimya hicho Mama Tofali akasikia mtu akikoroma. Si kwa usingizi. Alikuwa ameulea mwili ule wa mdogo wake mgongoni akiwa msichana mdogo, akiujua kila mlio wake. Hakuna hila inayoweza kutoa sauti ile.

"Leteni nyundo!" alipiga kelele. "Leteni mtaimbo, leteni kila kitu!"

Alipiga yeye, wakapiga vibarua, na upande wa pili Dalali na wakazi wakapiga. Ukuta haukutikisika. Zege lilitoa vumbi jeupe tu. Walitoboa tofali moja, wakakuta nondo. Wakakata nondo, wakakuta nyingine. Kupandisha mgonjwa ngazi hakukuwezekana, juu kuna chupa na shingo yenyewe haijishiki. Kumzungusha nako, ubao wa getini ulikuwa wa mtu mmoja mmoja, na kila pigo walidhani ndilo la mwisho. Mama Tofali alipiga mpaka viganja vikapasuka, huku akilaani kila ndoo ya saruji aliyoiongeza, kila siku aliyomwagilia. Jua liliondoka upande mmoja wa ukuta likahamia mwingine ndipo tundu likatosha mtu kulala.

Mdogo wake alipitishwa juu ya ubao wa mlango. Mdomo ulikuwa umeenda upande, macho yanaona. Vibarua wakampokea, wakamkimbiza kwenye pikapu ya matofali. Nyuma yake Dalali akaingiza mguu tunduni. Alikuwa peku, shati limechanika, mikono inatoka damu. Watu wote walikuwa wanatazama. Ilikuwa mchana, na alikuwa amebomoa kwa mikono yake, kama kiapo kilivyosema.

Mama Tofali akasimama katikati ya tundu akiwa na nyundo.

"Shemeji, nimebomoa. Umeona nimebomoa."

"Umebomoa wako," alisema. "Huu ni wangu. Wewe zunguka."

Dalali alimtazama, akaona hamna utani usoni pale, akageuka akaanza kukimbia kuelekea getini, kwenye ubao, kwenye mtaro, kwenye machinjio, kwenye malori. Mama Tofali akapanda pikapu.

Hospitalini hawakukawia. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, alimvuta pembeni akamwambia kwamba ugonjwa huu unataka mtu afike mapema, kwamba damu imeshavuja sana kichwani, kwamba wanafanya wanachoweza. Mama Tofali alirudi akakaa kando ya kitanda, akashika mkono ule uliokuwa bado una nguvu.

"Baba watoto yuko wapi?" mdogo wake aliuliza. Maneno yalimtoka yamepinda, lakini yalieleweka.

"Anakuja. Mimi nipo, mdogo wangu. Dada yako nipo."

"Anakuja na nani?"

"Anakuja. Tulia."

Akatulia, kisha akauliza tena yuko wapi, na tena. Kila mlango ulipofunguka, macho yalikwenda mlangoni, hayakuja kwa dada yake. Mama Tofali aliyaona. Aliona pia kwamba kama angemruhusu yule mtu kupita tunduni, angekuwa amekaa hapo alipokaa yeye. Mwishoni mdogo wake alimvuta kidogo kwa vidole, na Mama Tofali akainama, akidhani sasa ni zamu yake.

"Mwambie," alisema, "dawa zake za kifua nimezihamishia kabati la juu. Atazitafuta. Mwambie hakuna mtu aliyewahi kunicheka nikafurahi kama yeye."

Hakusema zaidi. Nesi alikuja akagusa shingo, akaangalia saa ukutani, akavuta shuka.

Dalali alifika kivuli kikiwa kirefu. Alikuwa na tope la mtaroni mpaka kiunoni, kifua kinapanda na kushuka kwa mlio. Aliona shuka, akajua. Mama Tofali alikuwa ameingoja sura hiyo tangu siku ya mkokoteni. Alikuwa ameichora kichwani kila asubuhi, na ilikuwa hivyo hivyo, haikupungua kitu. Alimtazama mpaka mwisho. Ndani yake hakukuwa na raha yoyote, palikuwa na mdogo wake tu, amekufa.

Dalali alikaa kwenye benchi, kando yake, maana lilikuwa moja.

"Alisema nini?" aliuliza. "Shemeji, aliniulizia?"

Mama Tofali alijua kwamba akimwambia, yule mtu atakuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani, kitakachomfaa kila siku aliyobakiza. Na yeye mwenyewe atabaki na nini?

"Hakusema kitu," alimjibu.